Paa ya kioo inakunywa maji, dekonti ya mufanyakazi inalipa

Mvula za kwanza zikisha kunyesha mu Dilala, tembea asubuhi mu avenyi zetu, utaona kitu kimoja: tapi za motokari zimeanikwa juu ya ukuta wa lupango, viti vimetolewa inje, milango yote iko wazi, na mwenye motokari amesimama pembeni, mikono ku kiuno. Mara nyingi hiyo motokari si ya bei ndogo. Ni jipu kubwa, viti vya ngozi, na juu yake paa ya kioo inaanza mbele mpaka nyuma, ile wamekanisye wanaita twa panoramiki.

Watu watatuuliza: sendika inatafuta nini mu mambo ya jipu za kitajiri? Jibu ni hili. Sisi njo tunasindikiza wenzetu siku ya dekonti finali. Mutu ametumika miaka kumi na tano mu fon ao mu kariere, mukataba unaisha, anapewa feza zake mara moja. Mwingine benki inamukopesha kwa sababu mushahara wake unapita pale kila mwezi. Na kitu cha kwanza wengi wananunua ni motokari. Hatuna neno na hiyo. Mufanyakazi wa mine ana haki ya kukaa juu ya ngozi sawa na injeniere. Lakini tumeona dekonti nyingi zikimalizika mu garaji, na zaidi ya mara moja ugonjwa ulianzia pale juu, ku kioo. Kwa hiyo tumeona vema tuandike, tena kwa urefu, namna ile paa inatumika, namna inaharibika, na namna ya kuijua mbele ya kutoa feza.

Neno la kwanza la kufahamu, na hata wamekanisye wengine hawalijui: paa ya kioo haikutengenezwa ili ifunge maji yote inje. Ule mupira mweusi unaozunguka kioo unapunguza maji tu. Wale waliochora motokari walijua kabisa kwamba maji yatapita. Njo maana chini ya kioo waliweka mufereji unaozunguka, ku kona za mufereji wakaweka matundu, mara nyingi ine, na ku kila tundu wakafunga tiyo nyembamba, unene wake kama kidole kidogo. Tiyo mbili za mbele zinashuka ndani ya nguzo za kioo cha mbele, zinatokea chini, karibu na bawaba za mulango ao nyuma ya gurudumu. Mbili za nyuma zinashuka ndani ya nguzo za nyuma, zinatokea karibu na bampa. Siku ya mvula, kama kila kitu kiko sawa, maji yanaingia chini ya kioo, yanakimbia mu mufereji, yanashuka mu tiyo, yanaanguka chini, na wewe hauoni kitu.

Sisi watu wa mine tunaelewa mambo hii kuliko wengine. Nani alishafunga mbingu juu ya kariere? Maji inaingia, ya mvula na ya chini ya udongo. Kazi ni ekzore: kukusanya maji, kuyavuta, kuyatupa inje. Pampu zikisimama, kariere inakuwa ziwa. KOV, ile kariere kubwa ya Kamoto-Oliveira-Virgule, ilijaa maji namna hiyo, na ilibidi kuvuta maji yote mbele ya kuanza tena kuchimba. Juu ya kichwa chako mu jipu ni vilevile. Tiyo zikiziba, mufereji unajaa, maji yanapita ukingo wake na yanashukia ndani. Kioo kinaweza kuwa kizima, mupira wake unaweza kuwa mupya, na bado motokari itajaa maji.

Na hapa kwetu zinaziba mbio. Tangu mwezi wa tano mpaka wa tisa hakuna mvula. Bara-bara za Kapata, za Luilu, za Musonoi, kamyo zinapita usiku na muchana, na vumbi lile jekundu linaingia kila pahali. Linalala mu mufereji wa paa miezi mitano, pamoja na majani na maua ya muembe kama unaweka motokari chini ya kivuli. Mvula ya kwanza inageuza ile vumbi kuwa potopoto. Potopoto inashuka mu tiyo, inafika pale tiyo inapinda ao ku mwisho wake, ambako motokari nyingi ziko na kamupira kadogo kama midomo miwili inayofungwa, inasimama pale, inakauka. Mvula ya pili inakuta mulango umefungwa. Njo sababu tapi zinaanikwa mwezi wa kumi na moja, hazianikwi mwezi wa tatu.

Tena motokari yenyewe inakuja na uchafu wa safari. Zile zinapita Dar es Salaam, Tunduma na Zambia mpaka Kasumbalesa, ao zile za Walvis Bay na Durban, zinakaa juma nyingi mu parki za inje, mu chumvi ya bahari, mu vumbi, chini ya miti. Hakuna mutu anayefungua paa na kupangusa mufereji mbele ya kuuzisha. Wanaosha inje, wanapaka matairi rangi nyeusi, wanatundika kamuti ka harufu nzuri ku kioo cha mbele. Tukikuta harufu kali sana ya parfe ndani ya motokari ya kuuzisha, sisi tunaanza kuinua tapi.

Mwenzetu mumoja, shofere wa bene, alinunua jipu ya namna hiyo na feza ya dekonti, na muke wake, mama wa kuuzisha ku soko, aliongeza sehemu yake, ile ilikuwa ya kumaliza nyumba. Miezi miwili ya kwanza ilikuwa furaha. Kisha mvula ikaanza. Siku moja alarme ikalia saa nane ya usiku, jirani wote wakaamuka. Kisha batri ikakufa asubuhi. Akanunua batri nyingine, nayo ikakufa. Mekanisye wa kwanza akabadilisha alternatere. Wa pili akasema ni demarere. Kila mumoja alikamata feza yake. Kisha kofre ikaanza kujifungua yenyewe bila mutu kuigusa, na jirani wakaanza kusema mambo ya uchawi. Wa tatu, kijana mupole asiye na garaji ya ukuta, hakugusa moteri. Aliinua tapi ya nyuma, akatumbukiza mukono, ukatoka na maji. Mu yale maji kulikuwa boksi ya kompyuta ya motokari, na meno yake ya shaba yalikuwa yamegeuka kijani, ile kijani ya malakite tunayoijua sisi wote. Tiyo ya nyuma, upande wa kuume, ilikuwa imefungwa na potopoto ngumu kama simenti. Kuizibua kulichukua nusu saa. Boksi haikupatikana kwa bei aliyoweza, na jipu iko mu lupango mpaka leo. Nyumba nayo bado haina plafo.

Mufuate vizuri mwendo wa ile hasara, kwa sababu njo inarudilia kwa wengi. Maji hayaui motokari siku moja. Chini ya tapi ya jipu kubwa kuko sponji nene, na sponji inakunywa maji litre nyingi wakati juu tapi inaonekana imelowana kidogo tu. Mu motokari za siku hizi, zile vikompyuta na viunganisho vya nyaya vimewekwa pahali pa chini: chini ya viti, chini ya miguu, mu pembe za kofre. Ku BMW X5, kwa mufano, batri yenyewe inalala nyuma, chini ya sakafu ya kofre, na boksi kadhaa za umeme ziko karibu nayo. Maji ikikaa pale, umeme unapita pahali hapakustahili, kikompyuta kimoja hakilali usiku, kinakula batri mpaka asubuhi. Kwa hiyo mutu anaona batri inakufa, ananunua batri. Hakuna mutu anayefikiri kutazama juu.

Dalili ziko, na zinakuja mapema. Asubuhi viyoo vyote vina ukungu ndani, hata kama usiku haukuwa baridi. Harufu ya nguo iliyosahauliwa mu besheni. Alama za rangi ya chai ku plafo, karibu na taa ya ndani ao ku kona. Ukishika freni, unasikia maji yanatembea juu ya kichwa ao ndani ya karoseri, chwaa, na pengine matone yanaanguka ku taa ya katikati. Mukaba wa kiti uko na baridi ya maji ku sehemu ya juu. Taa ya erbagi inawaka bila ajali. Milango inajifunga yenyewe. Moja peke inaweza kuwa na sababu nyingine. Mbili ao tatu pamoja, mu wakati wa mvula, anza ku paa.

Lakini tuwe wa haki: si maji yote yanatoka juu. Kama tapi ya mbele, upande wa abiria, inalowana hata mu wakati wa jua, na unatumikisha klimu kila siku, mara nyingi ni tiyo ya klimu njo imeziba, na hiyo ni kazi ndogo. Kama maji yanateleza mu vidole, yana utamu wa harufu, na viyoo vinapata mafuta-mafuta, hiyo ni maji ya radiatere ndogo ya joto. Acha kutembea nayo mpaka itazamwe. Kama maji yanaingia paka wakati wa kuosha motokari kwa nguvu ku milango, tazama ile nailoni ya ndani ya mulango. Na kama utakuta mchanga na potopoto chini ya tapi zote ine, na mukaba wa kiti ukiuvuta mpaka mwisho uko na mustari wa matope, hauko mbele ya ugonjwa wa paa. Uko mbele ya motokari iliyozama mu mafuriko ya inchi nyingine, ikaoshwa, ikauzishwa mbali. Kimbia.

Namna ya kujua kama ni paa haiombi kompyuta. Inaomba chupa ya maji, na wenzako wawili. Weka motokari pahali pa sawa. Fungua paa kabisa. Tazama mu kona mbili za mbele: utaona tundu ndogo ku kila upande. Mwaga maji pole pole, nusu litre, bila kujaza mufereji. Mwenzako anachuchumaa chini, karibu na gurudumu la mbele. Maji inapaswa kutoka chini mbio, kwa mutiririko. Ikitoka matone-matone, tiyo imeanza kuziba. Isipotoka kabisa, acha kumwaga, kwa sababu yatatafuta njia ya ndani. Ikitoka, lakini mwenzako wa pili aliye ndani anasikia tapi inalowana, tiyo imechomoka ao imepasuka ndani ya nguzo. Kisha fanya upande mwingine. Matundu ya nyuma yanakuwa magumu kufikia. Mara nyingi lazima motokari ielekezwe pua juu, ku mulima kidogo, ili maji yakimbilie nyuma yenyewe. Muuzishaji akikataza chupa ya maji, umekwisha kupata jibu.

Kuzibua ni kazi ya uvumilivu, na hapa njo tunaona watu wakiharibu. Kijana anakuja na kompresere ya kujazia matairi ya kamyo, anaingiza pua yake mu tundu, anapiga. Potopoto inatoka, kweli, lakini pengine tiyo nayo inachomoka ku kiungo chake cha juu, ndani ya plafo, pahali hapaonekani. Tangu siku ile maji yote ya mufereji yanaingia ndani, na mwenye motokari anaamini dreni zimetengenezwa. Mwingine anatumikisha waya wa chuma, unatoboa tiyo. Kitu kizuri ni uzi mnene wa nailoni, ule wa mashini ya kukata majani, unayeyusha kidogo ncha yake na moto ili iwe mviringo, kisha unausukuma pole pole huku ukizungusha. Ku mwisho wa chini, safisha kale kamupira ka midomo kwa mukono. Kuna wanaokakata kabisa ili maji yapite mbio. Sisi tunaona kukaacha ni vizuri zaidi, kwa sababu kanakataza vumbi na vidudu kupanda. Lakini basi ukasafishe. Kama lazima upepo, tumia pompa ya kinga ao kompresere kwa nguvu kidogo sana, na baada ya yote rudia chupa.

Kosa la pili ni silikoni. Mutu anaona maji, anaenda kununua tibu ya silikoni, anapaka kuzunguka kioo mpaka kifungwe. Siku moja mbili anafurahi. Lakini maji ya mufereji hayakupata njia, paa haifunguki tena, na siku utakapotaka kuitengeneza kweli, mupira na rangi vinatoka pamoja na silikoni. Wengine wanaweka skochi ku tundu la mufereji, wakifikiri tundu njo linaingiza maji. Tumeiona kwa macho yetu. Ni kama kufunga pampu ya ekzore kwa sababu inapiga kelele.

Kisha kuzibua, kazi kubwa ni kukausha. Usiache sponji chini ya tapi ukitumaini jua. Mwezi wa kumi na mbili jua halitoshi. Tosha viti, inua tapi, tosha sponji, ifinye, ianike mpaka ikauke ndani. Chini ya viti kuko viunganisho vya rangi ya manjano; hivyo ni vya erbagi na vya mikaba. Mbele ya kuvigusa, tosha batri na ungoje dakika kadhaa, na usiwashe kontakti wakati vimeachana. Sponji ikiwekwa na maji, kuvu inaota, na wa kwanza kukohoa ni watoto wa kiti cha nyuma. Mu nyumba ya mutu wa mine, mwenye mapafu yake yamekwisha kukutana na vumbi ya kazi, hiyo si neno dogo.

Tuseme kidogo juu ya kioo kinachokataa kutembea. Paa inasonga juu ya reli mbili, ikivutwa na nyaya na moteri ndogo. Vumbi ikiingia mu reli, wengine wanaweka grisi ya moteri, ile nene. Grisi na mchanga, mutu yeyote aliyetumika karibu na brwayere anajua inafanya nini: inasaga. Reli zinapanguswa kwa kitambaa mpaka ziwe safi, kisha zinapewa grisi kidogo ya silikoni ao ile mutengenezaji anayotaja mu kitabu cha motokari. Ukisikia mulio wa kuvunjika, ao kioo kinapanda upande mumoja na mwingine unabaki, acha kubonyeza. Vipande vya plastiki vya kuongoza kioo vinavunjika ukilazimisha, na mu motokari nyingi haviuzishwi peke. Ni reli nzima, na plafo yote inashushwa. Lakini kama paa ilisimama kufanya kazi kisha batri kutolewa, ao inafunguka na haifunguki moja kwa moja, pengine haikuvunjika. Imesahau pahali pake. Motokari nyingi zinairudisha kwa kushika kitufe cha kufunga sekonde nyingi mpaka kioo kitembee chenyewe mwendo mzima. Namna kamili iko mu kitabu. Mekanisye anayetaka feza ya moteri mupya mbele ya kujaribu hiyo, muulize kwa nini.

Na siku za ndoa, tunaomba wazazi. Ile desturi ya kusimamisha vijana mu paa, nusu inje, wakipepea vitambaa kutoka kanisa mpaka sali, wengine wakiikalia ukingo: fremu inapinda, mupira unaachana, na dereva akishika freni mutoto anaruka. Vilevile gunia za makala. Paa ya kioo haikuumbwa kubeba gunia. Uzito ukitakiwa juu, uende ku bare zilizofungwa ku karoseri, kwa kilo zile kitabu inaruhusu.

Kuna pia kioo kinachopasuka chenyewe. Kioo cha paa mara nyingi ni trampe, kile kinachovunjika kuwa vipande vidogo-vidogo, na kinaweza kubeba kidonda kidogo cha jiwe ku ukingo wake siku nyingi, kisha siku moja, pa! kama tiri ya mine. Ku Marekani, gazeti Consumer Reports ilihesabu mu 2017 malalamiko 859 ya paa zilizopasuka tangu 1995, na sehemu kubwa ilikuja kisha 2011, wakati paa hizi kubwa zilienea. Ku bara-bara yetu ya Likasi, nyuma ya kamyo zinazotupa mawe, hatuhitaji hesabu ya Marekani ili tuelewe. Kwa hiyo tazama ukingo wa kioo wakati wa kuosha, baki mbali na kamyo, na mu safari funga lile pazia la ndani, litakamata vipande. Kikipasuka, shika volani vizuri, punguza mwendo, simama pembeni. Jipu zingine, kama Range Rover Evoque ya kwanza, ziko na kioo kikubwa kisichofunguka kabisa; pale mambo ya reli hayako, lakini kioo kinabaki kioo.

Pengine kiwanda chenyewe kinakubali kosa. Ku mwisho wa 2019 Mercedes-Benz ilitangaza ku Marekani kwamba itaita motokari karibu 745 000, za miaka ya 2001 mpaka 2011, kwa sababu gundi inayoshika kioo cha paa inaweza kuchoka na kioo kuruka njiani. Zilikuwa motokari za chini, C, E, CLK na CLS, hazikuwa jipu. Lakini ona shida yetu: barua ya kiwanda inaenda kwa mwenye motokari wa kwanza, ku Houston ao ku Chicago. Haifiki Dilala. Wewe unayenunua ya mukono wa pili, kamata nimero ya shasi, zile herufi na nambari 17, uipeleke kwa ajenti wa marke ao uitafute ku saiti ya kiwanda mbele ya kulipa.

Sasa feza. Asiransi ile ya lazima, responsabilite sivile, inalipa mutu mwingine uliyemuumiza ao uliyemuharibia. Maji mu tapi yako haiyajui. Kwa muuzishaji, sheria yetu inakusaidia kuliko watu wanavyofikiri. Ile dekre ya 30/07/1888 juu ya mapatano, ingali inatumika mu inchi yetu, inasema muuzishaji anajibu juu ya kilema kilichofichwa, kile kinachofanya kitu kisifae ao ambacho mununuzi angekijua asingenunua ao angetoa bei ndogo. Lakini iko na masharti mawili ambayo yanaangusha wenzetu. Kilema kiwe hakikuonekana: kama tapi ilikuwa imelowana mbele ya macho yako, hauna la kusema. Tena lazima ulalamike mbio, haungoji mvula tatu. Komisyonere anayesema «tunauzisha vile iko» asikutishe, kama inaonyeshwa kwamba muuzishaji alijua kilema na akanyamaza. Kwa hiyo andikeni karatasi. Jina la muuzishaji mwenyewe, si la komisyonere peke, nimero ya shasi, tarehe, na mustari mumoja: «Muuzishaji anasema paa haiingizi maji.» Piga foto za plafo na za chini ya tapi siku ileile, mbele ya washahidi. Mustari huo haukuombi feza, na tumeona mutu akipunguza bei alipoombwa kuutia sahihi.

Na kama bado haujachagua, tunasema wazi: kwa mutu anayeishi na dekonti, jipu ileile yenye paa ya chuma ni bora. Itauzishwa pia, itapita bara-bara ileile, na haina tiyo ine za kulinda. Kama mama na watoto wanataka kioo, sawa, ni haki yao. Basi feza ya kutazama iwe mu hesabu tangu mwanzo. Mwenye kununua aje na mekanisye wake, si wa muuzishaji, amulipe siku yake, na aende wakati wa mvula ao na chupa yake. Delege wa ku kazi yako anaweza kukuonyesha mekanisye ambao wenzako walishatumikisha vizuri. Hiyo haina posho.

Wale walionunua tayari, kazi yao iko mu mwezi wa tisa, mbele mawingu hayajarudi: kufungua paa, kupangusa mufereji, kupitisha nailoni mu tiyo, kumwaga chupa ku kila kona, kutazama chini. Saa moja inatosha. Rudia katikati ya mvula, karibu na Noeli. Na kama motokari inalala chini ya muembe, fungua kioo mara moja kwa juma, upanguse majani mu mufereji na kitambaa kilicholowana.